Msingi wa stoo ya uani kwenye udongo wa mbuga

Stoo yangu ya kwanza niliijenga mwezi wa nane, nje kidogo ya mji wa Tabora, ardhi ikiwa kavu na ngumu. Nilichimba futi moja tu, nikapanga tofali za kuchoma, nikaezeka bati. Januari mlango ukagoma kufunguka. Kona ya nyuma ilikuwa imenyanyuka, na ufa ulianzia kwenye fremu ukapanda ngazi kwa ngazi, ukifuata maungio ya tofali mpaka juu. Tangu hapo, mtu akiniita nimjengee stoo au banda la kuku, kwanza naangalia udongo, bei tunaongea baadaye.

Udongo mweusi wa mbuga hunywa maji ukavimba, kiangazi ukasinyaa na kupasuka. Mpwa wangu aliyeko Kanada aliniambia kule adui ni baridi: maji ya ardhini yanaganda, yanatanuka, yanainua jengo. Kwa hiyo huchimba mpaka chini ya kina kinachofikiwa na barafu. Nikamwambia, mjomba, basi ufundi ni uleule: msingi ukae pale ardhi isipocheza.

Kujua ni wapi, nenda kiwanjani Septemba au Oktoba, nyufa zikiwa wazi. Chukua waya mgumu, uingize kwenye ufa mpana kuliko yote, upime ulikogota. Kisha chimba shimo la majaribio kupita kina hicho, utoe udongo wa chini, uuloweshe na kuuviringisha kiganjani. Ukirefuka kama kamba bila kukatika, bado ni mfinyanzi, endelea kuchimba. Mimi mara nyingi nimefika kati ya sentimita 75 na 100 ndipo nikapata udongo mgumu wa changarawe. Usipoupata, stoo isogezwe sehemu ya mwinuko. Na isogezwe mbali na mwembe pia, maana miembe yetu hunyonya maji mengi na udongo unasinyaa upande mmoja.

Kwa stoo ya mita 4 kwa 3, funga kamba kwenye vigingi, upime mlalo wa kona kwa kona: lazima usome mita 5 kamili, pande zote mbili. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60. Zege ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, unene sentimita 15, na limwagwe siku hiyohiyo ya kumaliza kuchimba. Mwagilia siku 7.

Juu yake panda na mawe au tofali za saruji mpaka sentimita 30 juu ya ardhi. Ndani, toa udongo mweusi wote, ujaze moramu (udongo wa changarawe), ushindilie kila sentimita 15. Ng'oa mizizi, nyunyiza dawa ya mchwa, tandika nailoni, halafu ndipo umwage jamvi, yaani zege la sakafu. Nje, elekeza maji ya bati yaende mbali na ukuta.

Zile sentimita 30 ziache wazi, usiegeshe kuni wala kurundika mchanga. Mchwa hupanda kwa njia ya udongo nyembamba kama penseli, na pale ukutani utaiona mapema. Ukiiona, kwangua, fuata inakotokea chini, umwage dawa hapo.