Somo: Kuifanya picha ya matofali ya LEGO ya kwenye kompyuta ionekane imepigwa kwa kamera

Wakuu, kabla hujafungua programu yoyote, chukua tofali moja la kweli, lile la 2 kwa 4, ukae nalo karibu na dirisha. Ligeuze polepole. Utaona mstari mwembamba wa mwanga ukitembea kwenye kila ukingo, unawaka, unazima, unahamia ukingo mwingine. Huo mstari ndio unaokosekana kwenye picha nyingi tunazorenda, yaani tunazoitengenezesha kompyuta kutoka kwenye modeli. Watu huanza na rangi na mng'ao, wakati kilichoharibika ni umbo.

Nitatumia Blender, programu ya modeli za 3D, na injini yake ya kurenda ya Cycles kwa kuwa ni ya bure, na modeli ya vipande vya LDraw, mfumo alioanzisha James Jessiman mwaka 1995. Anayetumia programu nyingine za matofali, kama Studio au Mecabricks, atafuata kanuni zilezile.

Hatua ya 1: Ukubwa wa kweli

LDraw ina kipimo chake, LDU, na LDU 1 ni milimita 0.4. Tofali la 2 kwa 4 lina LDU 80 kwa 40, na kimo cha 24 bila vinundu vya juu. Ukiliingiza Blender, hakikisha linasoma milimita 32 kwa 16, kimo 9.6. Ukungu wa lenzi na mwanga unaopenya kwenye plastiki hukokotolewa kwa umbali halisi, kwa hiyo tofali lenye ukubwa wa kabati litatoka kama kabati.

Hatua ya 2: Nafasi kati ya tofali na tofali

Hapa ndipo pa kutulia. Tofali la 2 kwa 4 la kweli halina milimita 32 kwa 16. Lina takriban 31.8 kwa 15.8. Kila upande umepunguzwa milimita 0.1 ili matofali yapangike bila kubanana, na kati ya mawili hubaki ufa wa 0.2. LDraw haina ufa huo. Vipande vyake hugusana kabisa, ndiyo maana ukuta wako mwekundu unaonekana kama bango moja lililopakwa rangi.

Wengi hutibu hili kwa kupunguza kila kipande kwa asilimia 1. Usifanye hivyo. Asilimia 1 ya kipande cha 1 kwa 1 ni milimita 0.08, ufa hauonekani vizuri. Asilimia hiyohiyo kwenye kipande cha 1 kwa 16, chenye urefu wa milimita 128, ni 1.28, pengo la kupitisha kucha. Punguza kwa kiasi kisichobadilika: urefu wa kila kipande ukiondoa 0.2, upana ukiondoa 0.2. Kimo kiache kama kilivyo, maana matofali hukaliana juu na chini.

Hatua ya 3: Kingo

Viringisha kingo kwa nusu kipenyo cha milimita 0.1 hadi 0.2. Mimi hutumia 0.15. Cycles ina nodi ya beveli (beveli ni huko kuviringisha kingo) inayofanya kazi hii wakati wa kurenda bila kugusa umbo lenyewe; ni nzuri kwa picha moja, ila inachelewesha. Kwa modeli kubwa, weka beveli kwenye umbo la kila aina ya kipande mara moja, nakala zote zitairithi.

Angalia na vinundu. Duara la kawaida la LDraw lina pande 16, na kamera ikisogea utazihesabu zote. Washa maumbo ya ubora wa juu, yenye pande 48, pamoja na maandishi ya LEGO juu ya kila kinundu. Hata kwa mbali ambako hayasomeki, maandishi hayo huvunja mng'ao wa kinundu, na jicho linalizoea hilo bila wewe kujua.

Hatua ya 4: Kupinda kidogo

Hakuna ukuta wa matofali ulionyooka kabisa. Zungusha kila kipande kwa nasibu, nyuzi 0.3 zikiwa ndiyo mwisho kwa tofali la 2 kwa 4. Kipande kirefu kipe kidogo zaidi: cha 1 kwa 16 kikizidi nyuzi 0.09, ncha zake zinaanza kumwingilia jirani. Matokeo yake ni kwamba kila tofali linaakisi dirisha kwa pembe yake. Nikilazimika kuchagua hatua moja tu, nitachagua hii.

Hatua ya 5: Plastiki

Matofali ni ya plastiki iitwayo ABS. Kipimo cha kupinda mwanga (IOR) weka 1.54, ukwaruzi (roughness) kati ya 0.1 na 0.2. Ruhusu mwanga upenye kidogo, hasa kwenye nyeupe na njano. Vipande angavu, vile vya kuona ndani kama kioo, kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa polikaboneti. Hivyo wekea 1.58.

Hatua ya 6: Mwanga na kamera

Taa moja kubwa laini pembeni, kama dirisha, na kitu cheusi upande wa pili ili kingo zipate pa kuishia. Kamera ishushe. Sanamu la mtu lina kimo cha milimita 40 hivi, na mpiga picha hulifuata machoni mwake. Lenzi ya milimita 100, tundu la f/11: mbele kukolee, nyuma kupotee taratibu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kompyuta yangu ni dhaifu. Nianzie wapi?

Jibu: Hatua ya 2 na ya 4 hazigharimu chochote wakati wa kurenda, anza nazo. Kwa sampuli chache (miale inayopimwa kwa kila nukta ya picha) utapata chengachenga, na kuzisafisha kwa programu kunafuta pia maandishi ya vinundu na mikwaruzo midogo. Renda kipande kidogo cha picha kwa sampuli nyingi, ulinganishe kabla ya kuamua.

Swali: Nyeupe yangu inatoka kama chaki, haina umbo.

Jibu: Umeweka nyeupe ya 1.0, siyo? Ishushe hadi 0.8 hivi, halafu punguza mwanga. Ikibaki chaki, mwanga unapenya kupita kiasi. Rudi hatua ya 1, mara nyingi ukubwa ndio umekosewa.

Swali: Nimeweka mikwaruzo, lakini modeli inaonekana chafu badala ya kuonekana imetumika.

Jibu: Bila shaka umeiweka kwenye rangi. Mkwaruzo kwenye ABS haubadilishi rangi, unabadilisha mng'ao tu, kwa hiyo iunganishe kwenye ukwaruzi. Alama za vidole vilevile. Hakikisha pia kila kipande kinachukua sehemu tofauti ya picha ya mikwaruzo. Mkwaruzo uleule ukijirudia kwenye matofali kumi, mtazamaji ataubaini haraka.

Swali: Vioo vya gari langu vinatoka vyeusi.

Jibu: Mwanga unaishiwa na idadi ya midundo (mara ambazo mwale unaruhusiwa kudunda au kupenya) kabla ya kutoka upande wa pili. Ongeza midundo ya kupitisha mwanga, mbili mbili, hadi weusi uondoke, uishie hapo. Na ukague kama ndani ya gari kuna kitu cha kuonekana, maana kioo mbele ya giza kitabaki giza.