Kupiga ping ukiwa ndani ya ruta: anza na jirani, kisha badilisha chanzo

Mtumiaji akikwambia "mtandao haupo", huenda kebo imechomoka, swichi imefunga poti, ruta haina njia, DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) haijibu au kifurushi kimekwisha. Ping, amri inayotuma ujumbe mdogo kwa kifaa na kusubiri jibu, hutenganisha haya mapema. Tatizo ni kwamba mafundi wengi tunaiamini kupita kiasi, hasa tunapoipiga tukiwa ndani ya ruta yenyewe. Kwa sababu hiyo hatua ya nne nitaikalia kuliko nyingine.

Tuchukue ofisi ndogo yenye swichi moja na ruta ya Cisco. Kompyuta ziko 192.168.10.0/24, ruta upande wa ndani ni 192.168.10.1, upande wa nje ni 203.0.113.2, na kifaa cha mtoa huduma ni 203.0.113.1. Wenye MikroTik na Huawei nitawataja panapohitajika.

Kwanza, kinachosafiri. Ping hutuma ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za mtandao) wa kuomba mwangwi, aina ya 8, na aliyefikiwa hurudisha mwangwi, aina ya 0. Mmarekani Mike Muuss aliandika programu hii Desemba 1983 na kuipa jina la mlio wa sona, kile chombo cha manowari kinachopiga sauti majini na kusikiliza inavyorudi. Shika neno hilo, mwangwi. Ukiita bondeni na usisikie kitu, hujui kama sauti haikufika au ilifika ikakosa njia ya kurudi. Ping iko hivyo hivyo.

Hatua ya 1: tazama poti

`show ip interface brief`

Poti unazotumia zisome up/up. Ikiwa "administratively down", mtu ameifunga kwa amri: ingia kwenye poti hiyo uandike `no shutdown`. Ikiwa down/down, shughulika na kebo na kifaa cha upande wa pili. Ping haina kazi hapo bado.

Hatua ya 2: piga jirani

`ping 192.168.10.25`

Cisco hutuma pakiti 5 za baiti 100 na kusubiri kila jibu kwa sekunde 2. Alama `!` ni jibu limerudi, `.` ni muda umekwisha bila jibu, na `U` ni kwamba kifaa fulani njiani kimejibu kuwa hakiwezi kumfikia unayemtafuta. Tofauti ya `.` na `U` ni kubwa: nukta ni kimya, U ni taarifa.

Mara ya kwanza mara nyingi utaona `.!!!!` na asilimia 80. Usiogope. Ruta ilikuwa bado inauliza anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao) ya jirani kwa ARP, itifaki ya kuulizia anwani hizo, pakiti ya kwanza ikapotea wakati huo. Rudia amri, ikija `!!!!!` mambo ni sawa.

Kompyuta ya Windows inaweza kukaa kimya kabisa kwa sababu fayawoli yake inazuia ping. Kabla hujaihukumu, andika `show ip arp`. Ukiona anwani yake ya IP pamoja na MAC, ujue ilijibu ARP: kebo na swichi ziko sawa, kinachozuia kiko ndani ya kompyuta.

Hatua ya 3: panda ngazi kwenda nje

`ping 203.0.113.1`
`ping 8.8.8.8`
`ping google.com`

Ya kwanza ikikataa, tatizo liko kati yako na mtoa huduma. Ya kwanza ikikubali na ya pili (seva ya Google) ikakataa, tazama `show ip route` kama njia ya 0.0.0.0, yaani ya kwenda popote pasipotajwa, ipo. Namba ikikubali na jina likakataa, shughulikia DNS.

Njia ikiwepo na bado 8.8.8.8 haijibu, tatizo linaweza kuwa mbali nawe kabisa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Siku kama hiyo mtoa huduma anaweza kukujibu vizuri, na vya mbele yake vikawa nukta tupu. Usiguse usanidi wa ruta yako.

Hatua ya 4: piga ping kwa niaba ya watumiaji

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja iliyokuwa imeongeza chumba na VLAN mpya (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile), 192.168.30.0/24. Chumba kizima hakikuwa na intaneti. Nikaingia kwenye ruta, nikapiga 8.8.8.8, alama tano za mshangao. Nikakagua swichi, nikabadilisha kebo, saa mbili zikaenda huku watu wamekaa wananingoja. Kumbe ruta ilikuwa inatuma ping kwa anwani yake ya nje, 203.0.113.2, ambayo dunia nzima inajua njia ya kuirudia. Watumiaji walikuwa wanatoka kwa 192.168.30.x, na orodha ya NAT (inayobadilisha anwani za ndani kuwa ya nje) haikuutaja mtandao huo mpya. Pakiti zao zilitoka na anwani ya ndani, na majibu hayakuwa na pa kurudi.

Amri hii ingenionyesha kwa sekunde kumi:

`ping 8.8.8.8 source 192.168.30.1`

MikroTik: `/ping 8.8.8.8 src-address=192.168.30.1 count=5`
Huawei: `ping -a 192.168.30.1 8.8.8.8`

Usipotaja chanzo, ruta huchagua anwani ya poti ambayo pakiti itatokea. Kwa hiyo ping ya kawaida imejibu swali la ruta tu, swali la watumiaji bado liko pale pale. Siku hizi siondoki mahali bila kupiga ping kutoka kila VLAN iliyopo, hata zile ambazo hakuna aliyezilalamikia. Fanya hivyo pia kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti) kati ya matawi: mara nyingi tawi linafikika, ila halina njia ya kuurudia mtandao wako wa ndani.

Hatua ya 5: ongeza ukubwa

Ping ndogo inapita, lakini kurasa zinafunguka nusu na barua pepe zenye viambatisho zinakwama. Shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa njiani. Piga kwenda tawi la pili, ukikataza pakiti isikatwe vipande:

`ping 192.168.20.1 source 192.168.10.1 size 1500 df-bit`

Ikikataa, huenda ikaonyesha `M`, yaani pakiti ni kubwa na imekatazwa kukatwa. Shusha: 1492, 1476, 1400, mpaka ipite. PPPoE (njia ya kuunganishwa na mtoa huduma) huacha 1492, GRE (handaki kati ya ruta mbili) huacha 1476. Kisha weka `ip tcp adjust-mss` kwenye poti ukiondoa 40 (baiti za vichwa vya IP na TCP) kutoka namba iliyofanikiwa. Kwa 1492 ni 1452.

Hapa wengi huchanganya hesabu. Cisco na MikroTik huhesabu pakiti nzima. Windows (`ping -f -l 1472`) na Linux (`ping -M do -s 1472`) huhesabu mzigo tu, bila baiti 20 za IP na 8 za ICMP. Kwa hiyo 1472 ya laptopu ndiyo 1500 ya ruta.

Hatua ya 6: piga nyingi, usome muda

`ping 203.0.113.1 repeat 1000`

Ukitaka kuikatisha, bonyeza Ctrl+Shift+6. Mwishoni soma min/avg/max, yaani muda mdogo, wa wastani na mkubwa kwa milisekunde. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 huongeza kama milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu haiwezi kurudisha jibu chini ya milisekunde 470 hivi, hata ubadilishe ruta mara ngapi. Avg ya 12 na max ya 900 ndiyo ya kuhangaikia: laini imejaa au redio inayumba, na simu za intaneti zitakatika katika.

Ruta ya katikati ikipoteza ping na ile ya mbele yake ikajibu zote, iache. Ruta nyingi huweka ping zinazoelekezwa kwao wenyewe nyuma ya kazi nyingine, lakini hupitisha za wengine bila shida.

Ukimwandikia mtoa huduma, mpelekee saa uliyopiga, anwani ya chanzo, anwani uliyopiga, idadi ya pakiti zilizotumwa na zilizorudi, pamoja na min/avg/max. Ambatanisha na matokeo ya kutoka LAN (mtandao wa ndani), siyo ya poti ya nje peke yake.