Taa ya sensa kwenye banda la gari: uifunge wapi, uiseti vipi

Watu wengi wakisikia taa ya sensa, ile inayojiwasha ikihisi mtu au gari, wanakimbilia dukani kuuliza bei, ila ukweli ni kwamba taa ya bei mbaya ikikaa sehemu mbovu itakusumbua tu, na ile ya kawaida ikikaa mahali pake unasahau kama kuna swichi.

Kwanza ujue sensa inaona nini. Nyingi za madukani ni PIR, zenyewe zinashika joto linalohama, yani mwili wako au boneti ya gari ikikatiza mbele yake. Hapo kwenye kukatiza ndo penye siri, maana ukiifuata uso kwa uso inachelewa kukushika lakini ukipita kwa ubavu inawaka fasta. Kwa hiyo usiipige ukuta wa mwisho ikitazama geti (tena ikitazama geti itawaka kila bodaboda ikipita), weka ukuta wa pembeni karibu na unapoingilia, kimo cha mita 2 mpaka 2.5 hivi, mbali na upepo wa moto wa mashine ya AC. Na usishangae Dar mwezi wa pili, saa moja jioni bati bado linafuka joto, inakushika ukiwa karibu zaidi kuliko alfajiri, kwa sababu joto la banda limekaribiana na la mwili wako. Kuna na zile za maikrowevu, hizo zinapenya mbao na kioo na kumshika hata anayepita nje, kwa hiyo banda la mbao ziache kabisa.

Banda la gari moja, balbu yenye sensa yake ndani inatosha, angalia tu holda yako ni ya pini au ya kuskruu halafu usiivike globu ya kioo, PIR haioni kupitia kioo.

Kama unatoa ile tube ndefu yenye choki na stata, zima main swichi, sio swichi ya taa. Kuna nyumba za zamani swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme), so taa imezimika ila waya una moto. Gusa na tesita kila waya kabla hujaweka mkono. Sensa ya kujitegemea ina nyaya tatu: laivu ya kuingia, nyutro, na ya kutoka kwenda kwenye taa. Rangi zinabadilika kampuni na kampuni, soma mchoro uliobandikwa nyuma. Nyutro ya taa inaungana na nyutro hiyohiyo, athi (waya wa ardhini) usiiache inaning'inia. Ndo maana sensa ya kuweka kwenye boksi la swichi inawashinda wengi, pale mara nyingi kuna laivu ya kuja na ya kwenda tu, nyutro haipo. Ukiona nyaya hazieleweki ita fundi umeme mwenye leseni, kwa Tanzania ni ya EWURA.

Ukirudisha umeme ipe kama dakika moja ijipange, itawaka yenyewe, usianze kuifungua tena. Weka LUX (kitufe cha kuchagua iwake kukiwa na mwanga au giza kiasi gani) kwenye alama ya jua na TIME (muda inaobaki imewaka) mwisho wa chini, tembea huku na huku uone inaposhika na isiposhika, ndo urudishe LUX upande wa mwezi ili mchana isiwake. TIME mi naona dakika 2 au 3 zinatosha.

Kwenye LUKU hesabu ni hii: tube ya wati 36 ikilala inawaka saa 12 ni karibu uniti 13 kwa mwezi, LED ya wati 18 ikiwaka jumla ya saa moja kwa siku haifiki hata uniti moja.

Ila kama unapenda kujitengenezea gari mwenyewe, bakiza taa moja ya swichi ya kawaida juu ya boneti, maana ukiinama umetulia na spana sensa inakuona haupo, na giza linakukuta nati iko nusu.