Kumvusha Bundi Uliyemwokoa kutoka Kigoma kwenda Burundi: Hatua kwa Hatua

Hapa Kigoma, ndege waliojeruhiwa kwa manati au nyaya za umeme mara nyingi huishia nyumbani kwa mtu mwenye huruma, na mtu huyo akihamishiwa kikazi Bujumbura hudhani kwamba ndege atasafiri pamoja na vyombo vya ndani. Mwongozo huu unamhusu bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, ambaye kitaalamu huitwa Tyto alba, kwa kuwa ndiye niliyemsaidia jirani yangu kumwandalia nyaraka. Mwewe na furukombe hufuata mkondo huohuo.

Hatua ya kwanza: pima kama anapaswa kwenda

Bundi anayeruka vizuri na kukamata panya mwenyewe aachiwe karibu na mahali alipookotwa, kabla hujahama. Maelezo yanayofuata ni kwa ajili ya ndege ambaye daktari wa mifugo ameandika kwamba hawezi tena kuishi porini.

Hatua ya pili: thibitisha uhalali wa kukaa naye

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo, hata kama umemlisha bundi kwa mkono tangu akiwa kinda, huwezi kuomba kibali cha kumtoa nchini kana kwamba ni kuku wako. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, ukiwa na maelezo ya maandishi: aliokotwa wapi, lini, akiwa na jeraha gani, nani alimtibu, na kwa nini hajaachiwa. Ambatanisha picha za jeraha na barua ya daktari. Maelezo haya huandikwa siku ndege anapookotwa. Ukiyatunga wiki ya kufunga mizigo, yatasomeka kama kisingizio, na afisa ana haki ya kukutilia shaka.

Katika barua, andika jina la kitaalamu. Maombi ya jirani yangu yalirudishwa kwa sababu yalisema tu “ndege mmoja aina ya bundi”, na bundi wa nchi hii ni wa aina nyingi.

Uliza pia, kwa maandishi, kama zuio la usafirishaji linamgusa ndege wako. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na ruhusa ya muda iliyotangazwa mwaka 2022 kwa wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama ilisimamishwa muda mfupi baadaye. Usikubali jibu la mdomo, hata likiwa zuri, kwa maana afisa aliyekujibu siye utakayemkuta mpakani. Jibu likiwa hapana, mkabidhi ndege kwa mamlaka ukiwa bado na muda wa kueleza anakula nini na anaogopa nini.

Hatua ya tatu: kibali cha CITES

CITES ni mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara na usafirishaji wa wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Tanzania iliuridhia mwaka 1979 na Burundi ilijiunga mwaka 1988. Bundi huyu yumo katika Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya viumbe ambao usafirishaji wao huruhusiwa kwa udhibiti, hivyo anahitaji kibali cha kutoka nchini, ambacho hudumu kwa muda usiozidi miezi 6. Kasuku wa kijivu, ambaye tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye masharti makali zaidi, anahitaji pia kibali cha nchi anakokwenda, na hicho ndicho hutangulia. Hata kwa bundi, mimi huanza na ridhaa ya maandishi kutoka Burundi, na huomba iandikwe kwa Kifaransa.

Hatua ya nne: cheti cha afya

Daktari wa mifugo wa serikali atakutajia vipimo, hasa vya mafua ya ndege na mdondo. Cheti hiki kiombwe mwishoni.

Hatua ya tano: sanduku

Sitaki kuona ndege wa porini ndani ya tenga la kuku. Manyoya ya mkia hupenya kwenye fito na kukatika, na mwanga unaoingia kila upande humfanya apigane hadi achoke. Tengeneza sanduku la mbao lenye giza, matundu madogo pande mbili, na kipande cha zulia sakafuni ili kucha zishike. Nafasi imtoshe kusimama na kugeuka, isimtoshe kukunjua mbawa. Mlishe panya mzima usiku wa kuamkia safari, kisha usimpe chochote hadi atapike kile kitonge cheusi cha manyoya na mifupa, kwani akisafirishwa kabla ya hapo anaweza kukitapika njiani akiwa amebanwa. Kodi gari. Ndani ya basi, abiria wakijua kilichomo sandukuni watakushusha kabla ya Manyovu, kituo cha mpakani upande wa Tanzania, kwa kuwa wengi wanaamini bundi ni mkosi.

Hatua ya sita: mpakani

Fika asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na nyaraka halisi pamoja na nakala. Kibali cha CITES kina sehemu inayojazwa na afisa wakati wa kutoka: idadi halisi ya wanyama, tarehe, saini na mhuri. Usivuke kwenda Mugina, upande wa Burundi, kabla sehemu hiyo haijajazwa, kwa kuwa hakuna atakayekujazia ukiwa tayari umeshatoka.