Kiangazi cha Bonde la Salt Lake na milima ya Wasatch: namna ya kusoma utabiri na kujipanga

Mwelekeo wa hali ya hewa wa msimu kwa Marekani nzima hutolewa na Climate Prediction Center, kitengo cha NOAA (shirika la Marekani la bahari na anga), Alhamisi ya tatu ya kila mwezi. Kwa mkazi wa jimbo la Utah, liliko bonde hili, ramani inayomhusu ni ya Juni hadi Agosti, na ile inayotoka Mei ndiyo ya mwisho kabla msimu haujaanza. Aliyezoea taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hatapotea, maana makundi ni yaleyale matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Wengi hukwama kwenye asilimia. Ramani ikiandika asilimia 50 kwa joto la juu ya wastani, haina maana kwamba joto litaongezeka kwa nusu. Ina maana kwamba kundi hilo, ambalo kwa kawaida lina nafasi moja kati ya tatu, safari hii lina nafasi moja kati ya mbili. Sehemu iliyoachwa nyeupe ni ile ambayo makundi yote matatu yana nafasi sawa.

Wastani wenyewe umepigwa kwa miaka ya 1991 hadi 2020. Kwa hiyo hata msimu wa "wastani" hapa ni wa joto: mchana wa Julai mjini Salt Lake City hufika kama nyuzi 34 za Selsiasi, na rekodi ya mji, nyuzi 107 za Farenhaiti, yaani karibu 42 za Selsiasi, imewahi kufikiwa hadi Septemba, tarehe 7 mwaka 2022. Kugeuza Farenhaiti, toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Ukichoka na hesabu, shika hizi tatu: 86 ni 30, 95 ni 35, 104 ni 40.

Habari za El Niño zisikuchanganye. Kwetu Afrika Mashariki El Niño mara nyingi huja na vuli yenye mvua kubwa, lakini kaskazini mwa Utah haitupi mengi ya kusema kuhusu kiangazi.

Mwelekeo wa msimu ni wa kuandaa nyumba. Safari hupangwa kwa utabiri wa siku, na lazima uwe wa mahali hasa unapokwenda. Bonde liko kama mita 1,290 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya Mwanza. Brighton, mwisho wa korongo la Big Cottonwood, iko karibu mita 2,670. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000, kwa hiyo mjini kukiwa 34, kule tegemea kama 25, na mvua ya radi ikipita hushuka zaidi kwa dakika chache. Anayeangalia "Salt Lake City" kwenye simu kisha akapanda na fulana tupu hatetemeki kwa bahati mbaya. Amesoma utabiri wa mahali pengine. Fungua weather.gov, tovuti ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, andika jina la mji wa karibu, kisha bofya kwenye ramani ule mlima au ziwa lenyewe. Utapata utabiri wa kipande kidogo cha ardhi chenye upana wa kilomita chache, pamoja na chati ya saa kwa saa. Angalia mwinuko ulioandikwa pale juu: kama ni wa bondeni, umebofya mahali pasipo sahihi.

Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba unyevu hupanda kutoka kusini, na ngurumo hujengeka juu ya milima mchana. Asubuhi anga ni safi kabisa, saa sita mawingu yanavimba, saa nane au tisa alasiri radi inapiga. Basi anza kupanda saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na saa sita mchana uwe umeshashuka kutoka kileleni na kwenye migongo ya milima. Ukisikia ngurumo, tayari uko ndani ya umbali wa radi. Ingia ndani ya jengo au gari lenye paa la chuma, usikae chini ya mti wala ndani ya hema, na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mito ya makorongo inahitaji heshima ya pekee. Mwishoni mwa Mei na Juni theluji inayeyuka, na maji yake hayana joto hata kidogo. Mtu mzima anayejua kuogelea hupoteza nguvu za mikono ndani ya dakika chache, na mtoto akiteleza kwenye jiwe hachukui muda kupotea. Theluji iliyoyeyuka mchana huwafikia walio chini jioni au usiku, ndiyo maana kijito ulichokivuka asubuhi kwa urahisi chaweza kukuzuia kurudi. Zaidi ya hayo, Big Cottonwood na Little Cottonwood ni vyanzo vya maji ya kunywa ya mji: kuogelea hakuruhusiwi, na mbwa pia.

Wanaoshuka kusini mwa Utah kwenda mbuga ya taifa ya Zion wasome mafuriko ya ghafla kabla ya kusoma joto. Mvua inayonyesha kilomita nyingi kutoka uliposimama inaweza kuleta ukuta wa maji na magogo kwenye korongo jembamba, huku juu yako jua linawaka. Tarehe 14 Septemba 2015 watu 7 walikufa hivyo katika Keyhole Canyon, korongo jembamba ndani ya Zion, na siku hiyohiyo wengine 13 walikufa katika mji wa karibu wa Hildale. Idara ya hali ya hewa hutoa kila siku daraja la uwezekano wa mafuriko ya ghafla kwa Zion na mbuga nyingine za kusini. Likisema "Probable" au "Expected", acha korongo na utembee njia za juu. Kwenye tahadhari za simu, "Watch" ina maana mazingira yanaruhusu, jiandae. "Warning" ina maana linatokea sasa au liko karibu kabisa, ondoka.

Nyumbani, nyumba nyingi za zamani za kupanga hazina kiyoyozi cha kawaida bali mashine ya kupoza hewa kwa maji, ambayo wenyeji huiita swamp cooler. Huvuta hewa kavu ya nje, ikaipitisha kwenye pedi zilizolowa, ikaisukuma ndani. Kosa kubwa ni kufunga madirisha yote kama unavyofanya na kiyoyozi. Hewa ikikosa pa kutokea, unyevu hujaa, kuta hutota na joto halishuki. Fungua dirisha sentimita 3 hadi 5 katika chumba unachotaka kipoe, upande ulio mbali na mashine. Mwezi Mei mwombe mwenye nyumba abadilishe pedi na akague pampu na boya la maji. Siku za unyevu za Agosti mashine hii hulegea hata ikiwa nzima, kwa sababu hewa iliyolowa haipokei maji zaidi.

Halafu kuna moshi. Moto wa misituni, wa hapa au wa California, hujaza bonde mwezi Agosti, na mashine hiyo huvuta hewa ya nje moja kwa moja. Kipimo cha ubora wa hewa (AQI) kikipita 100, mwenye pumu, mzee, mjamzito na mtoto wabaki ndani. Kikipita 150, ni kwa kila mtu. Izime mashine, funga madirisha, na utumie feni ya sanduku iliyofungwa chujio la MERV 13 (daraja linaloonyesha linavyonasa chembe ndogo) la inchi 20 kwa 20, mshale wa chujio ukifuata mwelekeo wa hewa. Nyumba ikizidi joto, nenda maktaba ya mtaani, au piga 211, namba ya simu ya huduma za jamii, uulize kituo cha kupumzikia kilicho karibu. Siku zisizo na moshi, fungua madirisha usiku hewa ya nje inapokuwa baridi kuliko ya ndani, na funga mapema asubuhi pamoja na mapazia ya upande wa jua.

Maji ya kunywa nayo yapimwe tofauti na pwani. Dar au Mombasa jasho linakutiririka na unajua umepoteza maji. Hapa hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo kwenye matembezi beba angalau nusu lita kwa kila saa kwa kila mtu, na kitu chenye chumvi.