Saa za Dar kabla ya 1961: jinsi ya kuzitunza kwenye hifadhidata bila kuzipotosha

Uliza kompyuta mbili swali hili: saa mbili kamili asubuhi ya tarehe 10 Machi 1955 Dar es Salaam, Greenwich ilikuwa saa ngapi? Moja inaweza kukujibu 05:00 na nyingine 05:15, ingawa zote zinaendesha programu ileile na hakuna iliyoharibika. Kama kazi yako ni kuingiza kwenye mfumo vitabu vya zamani vya vizazi, ubatizo, bandari au hali ya hewa, robo saa hiyo itakusumbua.

Chanzo chake ni tzdata, orodha ya saa za dunia nzima ambayo karibu kila simu na seva inaitegemea. Aliianzisha Arthur David Olson, sasa inaratibiwa na Paul Eggert chini ya IANA (chombo kinachosimamia majina na namba za intaneti), na watunzaji wake wanasema wazi kwamba shabaha yao ni saa za kuanzia 1970. Miji ambayo saa zake zimelingana tangu mwaka huo huunganishwa. Ndiyo maana `Africa/Dar_es_Salaam` ni jina tu linaloelekeza kwenye `Africa/Nairobi`, sawa na Kampala, Mogadishu, Addis Ababa na Antananarivo. Anayeuza tiketi za basi hatapata hasara yoyote. Anayeshughulikia mwaka 1955 anapewa historia ya Nairobi iliyobandikwa jina la Dar.

Historia zenyewe hazifanani. Kwa mujibu wa orodha, Nairobi ilikuwa +2:30 (yaani saa mbili na nusu mbele ya Greenwich) kuanzia Mei 1908, +3:00 kuanzia Julai 1928, ikarudi +2:30 mwanzoni mwa Januari 1930, ikawa +2:45 kuanzia 1937, kisha +3:00 tangu Agosti 1942 hadi leo. Mstari wa Dar umewekwa pembeni, kwenye faili liitwalo `backzone`: saa ya jua ya mji, yaani 2:37:08, hadi mwisho wa 1930; +3:00 kuanzia 1931; +2:45 kuanzia 1948; na +3:00 tena kuanzia 1961.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inatumia nini

```
head -n 1 /usr/share/zoneinfo/tzdata.zi
zdump -v -c 1925,1965 Africa/Dar_es_Salaam
```

Amri ya kwanza inataja toleo. Ya pili inaorodhesha mabadiliko. Ukiona kwa UTC, yaani saa ya Greenwich, 1928, 1930, 1936 na 1942, hiyo ni Nairobi. Ukiona mabadiliko usiku wa 31 Desemba ya 1930, 1947 na 1960 kwa UTC, una mstari wa Dar wenyewe. Ukikuta 1939 na 1959 pamoja na 1928 na 1929, hiyo ni Nairobi ya matoleo ya zamani, na nitaieleza huko mbele. Endesha amri hizi kwenye kila seva, si kwenye kompyuta ya mezani kwako peke yake. Wanaotengeneza mifumo ya Linux hawajakubaliana: baadhi huijumuisha `backzone`, wengine huiacha.

Hatua ya 2: Jenga orodha yako mwenyewe

Pakua kutoka IANA mafurushi mawili ya toleo moja, `tzcode` na `tzdata`, uyafungue ndani ya folda moja, kisha:

```
make PACKRATDATA=backzone PACKRATLIST=zone.tab TOPDIR=$HOME/saa install
```

Usiguse ile ya mfumo mzima. Iache iendelee kusasishwa kama kawaida. Programu yako ya kumbukumbu ndiyo uielekeze kwenye hii mpya. Kwa Python 3.9 na kuendelea:

```
export PYTHONTZPATH=$HOME/saa/usr/share/zoneinfo
python3
>>> from datetime import datetime
>>> from zoneinfo import ZoneInfo
>>> dar = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")
>>> print(datetime(1955, 3, 10, 8, 0, tzinfo=dar).utcoffset())
2:45:00
```

Jibu likiwa 3:00:00, bado unasoma orodha ya mfumo. Kwa wale ambao bado wako kwenye maktaba ya Python iitwayo `pytz`: ukiweka ukanda wa saa moja kwa moja kwenye `tzinfo=` utapata +2:27 kwa Nairobi, hata kwa tarehe ya juzi, kwa sababu maktaba hiyo huchukua mstari wa kwanza kabisa, ule wa saa ya jua. Tumia `localize()`, au hamia `zoneinfo` umalize habari.

Hatua ya 3: Hifadhi kilichoandikwa kabla ya kilichokokotolewa

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu wengi huibadilisha saa kuwa UTC, wakaweka UTC, wakatupa mengine. Siku orodha ikirekebishwa hawana pa kurudi. `timestamptz`, aina ya safu ya saa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, isikudanganye na jina lake: haitunzi ukanda wowote, inageuza kuwa UTC na kusahau ulikotoka. Jedwali langu huwa hivi:

```
saa_iliyoandikwa  text      -- kama ilivyo kitabuni, herufi kwa herufi
saa_iliyosomwa    timestamp -- tafsiri yako, bila ukanda
mahali            text
ukanda            text
tofauti_sekunde   integer
saa_utc           timestamptz
toleo_tzdata      text
uhakika           text
```

Tofauti iwe kwa sekunde kwa sababu 2:37:08 haiingii kwenye dakika. `mahali` na `ukanda` visichanganywe. Zanzibar haina mstari wake kwenye orodha hata kwa miaka ya kabla ya Muungano wa 1964, ilipokuwa na serikali yake. Ukiandika `Africa/Dar_es_Salaam` tu, umefuta ushahidi kwamba kitabu kilitoka Unguja. Vivyo hivyo Kongo: Goma na Bukavu zinafuata `Africa/Lubumbashi`, na atakayechagua ukanda kwa kuangalia mji mkuu ataziweka kwenye saa ya Kinshasa, nyuma kwa saa nzima.

Na hiyo `uhakika` si pambo. Mstari wa Dar ndani ya `backzone` hautaji mwezi wala siku, ni miaka mitupu, na programu inachukulia 1 Januari. Data nyingi kongwe za orodha hii zilitokana na atlasi iliyotungwa kwa ajili ya wapiga falaki, wala watunzaji hawafichi kwamba ina makosa. Mimi huandika "dhaifu" kwenye kila kitu cha Dar kabla ya 1961, hadi nione hati.

Hatua ya 4: Soma saa kama karani alivyoisoma

"Saa 2:30" kwenye kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili ni 08:30 au 20:30. Karani aliyefuata, kama alisoma shule ya misheni, huenda aliandika 8:30 kwa maana hiyohiyo, tena kwenye ukurasa uleule. Tazama mfuatano wa maingizo: saa 11:00 ikifuatwa na 12:15 halafu 1:05, na pembeni pameandikwa "jioni", umeshapata jibu.

Tarehe ni ngumu zaidi. Kwa desturi ya pwani, siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaofuata Alhamisi mchana. Mtoto aliyezaliwa saa nne za usiku huo, kwa kalenda ya ofisi, amezaliwa Alhamisi. Kosa hili ni la siku nzima, kubwa kuliko robo saa zote za wakoloni zikijumlishwa.

Hatua ya 5: Jaribu pale saa ilipohamishwa

Usijaribu mfumo kwa tarehe za kawaida, zitapita zote. Tumia Nairobi. Usiku wa kuamkia 1 Julai 1928 saa zilisogezwa mbele nusu saa, hivyo 00:10 ya siku hiyo haikuwahi kuwepo; mfumo ukiipokea kimya, ongeza ukaguzi. Usiku wa 4 Januari 1930 zilirudishwa nyuma, na 23:45 ikapita mara mbili (`fold` 0 ni ya kwanza, 1 ni ya pili):

```
>>> nbo = ZoneInfo("Africa/Nairobi")
>>> for f in (0, 1):
...     print(datetime(1930, 1, 4, 23, 45, tzinfo=nbo, fold=f).utcoffset())
...
3:00:00
2:30:00
```

Jaribio hilihili litakufaa kwa nchi zenye saa za kiangazi, ambako jambo hili hutokea mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya 6: Kila toleo jipya, linganisha kabla ya kukubali

Sasa ile Nairobi ya zamani. Kwa miaka mingi orodha ilisema Nairobi ilikuwa +2:45 kuanzia 1940 hadi 1960. Mwaka 2020 kurasa za Gazeti Rasmi la serikali ya kikoloni ya Kenya zilitolewa kama ushahidi, na tarehe zikasahihishwa kuwa hizi za leo. Safi kabisa kwa Nairobi. Lakini Dar ilikuwa imeunganishwa nayo, kwa hiyo saa zake za 1955 zikahama kutoka +2:45 hadi +3:00 bila mtu yeyote kugundua jipya kuhusu Tanganyika.

Kwa hiyo kabla ya kusasisha, kokotoa upya `saa_utc` kutoka `saa_iliyosomwa` kwa toleo jipya, kwenye jedwali la pembeni, uchapishe safu zilizotofautiana. Zikagueni watu wawili. Mkikubali, badilisha pamoja na `toleo_tzdata`. Mkikataa, andika sababu kwenye `uhakika`.

Ukikutana na tangazo la serikali linalotaja siku saa zilipobadilishwa Tanganyika au Zanzibar, piga picha ukurasa mzima, pamoja na tarehe na namba ya tangazo, uwapelekee watunzaji wa tzdata. Kenya ilirekebishwa kwa hati za namna hiyo.

Miadi ya mbele nayo ihifadhiwe kwa saa ya mahali na jina la ukanda, si UTC. Juba ilitoka +3:00 kwenda +2:00 tarehe 1 Februari 2021. Kikao cha saa tatu asubuhi kilichokuwa kimehifadhiwa kama 06:00 UTC kingeonekana kwenye kalenda za Juba kuwa saa mbili.