Ukirudi nyumbani baada ya upasuaji wa uti wa mgongo

Miezi saba iliyopita nilipasuliwa kisogoni kwa sababu ya siringomielia, yaani maji yaliyojikusanya ndani ya uti wa mgongo yakatengeneza uwazi. Daktari alitoa kipande cha mfupa chini ya fuvu ili maji yapate njia. Ninakaa Umoja, mtaa wa Nairobi, ghorofa ya nne, na haya ndiyo ningependa kuambiwa siku ile niliporuhusiwa.

Kuamka kitandani: geukia ubavu, kichwa na kiwiliwili pamoja, shusha miguu, kisha jiinue kwa mikono. Shingo isikuvute.

Choo usikidharau. Dawa kali za maumivu hufunga tumbo, na ukijikamua, msukumo wa maji kichwani na mgongoni hupanda. Mimi nilikaa siku nne nikiona aibu kusema; siku ya tano kisogo kilinigonga hadi nikalia. Omba dawa ya kulainisha choo mapema, kunywa maji, kula papai na maharagwe.

Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mimi nilikatazwa kubeba chochote kinachozidi pakiti ya unga ya kilo mbili. Muulize daktari kiwango chako, na maji mlipe kijana akupandishie. Bodaboda sahau kwanza. Kwenye matatu usikae kiti cha nyuma, matuta yatakurusha.

Jikoni ndiko ninakokuogopea zaidi. Kwa sababu ya ugonjwa huu, mkono wangu wa kulia unahisi kuguswa lakini haujui moto. Nilishika mfuniko wa sufuria ya githeri, nikajua nimeungua nilipoona ngozi imeinuka. Upasuaji unalenga kuzuia hali isizidi. Hisia zilizopotea huenda zisirudi. Kwa hiyo pima maji ya kuoga kwa mkono ulio mzima, shika sufuria kwa kitambaa kila mara, na kagua vidole vyako jioni.

Kidonda kikitoa majimaji maangavu, kichwa kikiuma zaidi ukiwa wima, homa ikija na shingo ngumu, miguu ikilegea au mkojo ukigoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Usingoje tarehe ya kliniki.

Na zile picha za MRI za kabla ya upasuaji zitunze kwenye bahasha yake. Ukipigwa nyingine baada ya miezi, daktari atazilinganisha aone kama ule uwazi umepungua.